Barua kwa vijana wenye meza za kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi

Wanangu wa stendi ya Tandika, na wenzenu wa Mbagala, Buguruni na popote penye meza, laptopu, mwavuli na spika inayoanza kelele kabla uji haujaiva,

Salamu zenu siku hizi naziona zinakuja nusunusu, mkono mmoja kwenye simu, lakini leo sina ugomvi na hilo. Nina ugomvi na ile kesi ya Jumanne.

Wasiokuwepo niwahadithie. Mjumbe wa shina letu alinitumia mtoto niende kwake haraka, kuna vijana wawili wametoana damu. Njiani niliwaza ni mwanamke, au ni pesa ya upatu. Nilipofika nikaambiwa ni folda. Nikauliza tena, maana masikio yangu nayo yana umri wake. Folda, mzee.

Kijana wa kwanza, mwenye meza ubavuni mwa mama ntilie, alikuwa amekesha usiku tatu akipanga nyimbo mia tisa: taarabu kivyake, singeli kivyake, kaswida, kwaya, dansi la zamani. Kila wimbo akaupachika sauti yake mwanzoni na katikati, jina lake na namba yake ya simu na majigambo mawili matatu. Kijana wa pili, wa ng'ambo ya barabara, akamtuma mdogo wake ajifanye mteja. Akanunua folda nzima kwa elfu tano, na jioni hiyohiyo wakaanza kuiuza elfu tatu.

"Ameniibia jasho langu, mzee," alisema yule wa kwanza. Machozi yalikuwa ya kweli. Plasta ilikuwa juu ya jicho. Mjumbe, ambaye ni mtu wa kupenda ushahidi, akasema tusikilize hiyo mali yenyewe. Laptopu ikafunguliwa, kijana akabonyeza popote, ukaja wimbo wa kwaya. Sauti za kina mama zikapanda vizuri kabisa, halafu katikati ya ubeti ikaingia sauti ya kijana wetu ikitangaza namba ya simu.

Sasa, katika wazee tuliokaa pale alikuwepo mwalimu wa kwaya hiyo. Anaishi nyumba ya tatu nyuma ya meza hiyo. Kwaya yake ilichanga mwaka mzima, waliuza maandazi na vitenge mpaka wakapata pesa ya studio. Hakugomba. Aliinamisha kichwa akasikiliza, akasema, "Hapo ndipo soprano anapoingia. Simsikii."

Kesi ikaendelea. Tukaamua yule wa pili alipe dawa na elfu kumi, wakapeana mikono, chai ikaletwa. Mwalimu wa kwaya alikunywa chai yake akaondoka, na hakuna mtu aliyemuuliza kitu, mimi nikiwemo. Nimelala na aibu hiyo siku nne. Ndiyo sababu ya barua hii, anayoniandikia mjukuu wangu huku akinisahihisha maneno ya kompyuta.

Nianze na yangu, maana mkubwa akikemea uchafu huku kanzu yake ina matope, watoto wana haki ya kucheka. Wengi wenu mnaniita Mzee wa Kanda na mnadhani ni kwa sababu napenda miziki ya zamani. Hapana. Miaka ya themanini nilikuwa na kibanda Kariakoo. Nilikuwa na redio ya deki mbili, kanda tupu za TDK za dakika sitini na za dakika tisini, na kalamu ya BIC ya kurudishia mkanda ukitoka. Kazi yangu ilikuwa hii hii yenu. Wakati huo Tanzania Bara redio ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilirekodiwa palepale redioni. Basi sisi tunakaa usiku, kidole kwenye kitufe, tunamsubiri mtangazaji amalize kusema. Akichomekea neno juu ya wimbo tunamlaani yeye na ukoo wake, maana kanda imeharibika, mteja ataikataa. Ninyi leo mnachomekea wenyewe na mnaita biashara.

Nilipata riziki. Nilioa kwa kanda, sisemi uongo. Siku moja akaja mtu mzima, shati safi lakini kola imegeuzwa kwa kuchakaa, akauliza kama nina kanda ya bendi fulani. Nilikuwa nayo, tena inauzika sana mwezi ule. Akahesabu pesa, nikampa kanda na chenji yake. Alipokwisha kupotelea kwenye watu, jirani yangu mwenye meza ya saa akaniambia, "Unamjua huyo? Ndiye anayepiga solo humo ndani." Mtu amekuja kununua vidole vyake mwenyewe, na mimi nimempa chenji kamili na kujiona muungwana.

Ningeweza kumkimbilia. Kariakoo ya wakati ule haikuwa na msongamano huu. Sikukimbia. Nilijiambia kwamba hata redio haimlipi kila wimbo unapopigwa, mimi ni nani nianze? Hoja hiyo naisikia midomoni mwenu kila siku, neno kwa neno, na ndiyo maana inanikera kuliko zote: naijua ladha yake. Mtu akitaka kula cha mwenzake, jambo la kwanza hutafuta mwizi mkubwa kuliko yeye wa kumwonyesha kidole.

Mnaniambia hamjui sheria. Hilo nalikubali, maana hakuna aliyewafundisha. Shuleni mlifundishwa Vita vya Majimaji na sehemu za ua, lakini hakuna aliyewaambia kwamba nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na kwamba ipo ofisi yake, COSOTA. Tazameni maneno hayo mawili, yana maana. Hakimiliki ni ya aliyetunga, yaani mwenye shairi na mwenye tuni. Hakishiriki ni ya walioshiriki kuufikisha wimbo kwako: aliyeimba, aliyegharimia kurekodi, kituo kilichorusha. Yule soprano mliyemzika chini ya namba ya simu anatajwa humo, ingawa hana habari. Wala hakuna haja ya kwenda kusajili ndipo wimbo uwe wako. Ukishautunga, ni wako.

Na ni wako kwa muda gani? Maisha yako yote, na miaka 50 baada ya kufa. Chukueni kalamu. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Tungo zake zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2029. Mwanamuziki mwenzake Marijani Rajab alifariki 1995. Ongezeni hamsini wenyewe. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, kwa hiyo hamsini yake ilikwisha 2012. Hapa ndipo mnaponichekesha. Tungo za Shaaban Robert, ambazo kwa hesabu hiyo ya kwetu zimekwisha kuwa za watu wote, hamna hata moja kwenye meza zenu. Mmeziacha za bure, mnagombania za binti wa Manzese aliyerekodi juzi na bado anadaiwa na studio.

Mwaka huohuo wa 1962, Afrika Kusini, alikufa Solomon Linda. Wengi hamumjui kwa jina lakini wimbo wake mnaujua, ule wa simba anayelala, umo hata kwenye katuni mnazowaingizia watoto. Aliurekodi mwaka 1939 kwa jina la "Mbube", akauachia kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia, watu wakatajirika, yeye akafa maskini. Familia yake ilifikia mapatano ya malipo mwaka 2006, miaka arobaini na nne yeye yuko kaburini. Wazungu wale hawakuwa na laptopu wala flashi. Walikuwa na karatasi na kalamu, na mtu asiyejua anachosaini. Nayasema haya ili msidhani mzee anatetea makampuni.

Maana makampuni nayo nina neno nayo. Binti wa dada yangu alichukua simu ya mkopo, ya kulipa kidogokidogo kila siku. Siku tumepata msiba, pesa ikaenda kwenye nauli, malipo yakachelewa, simu ikajifunga yenyewe usiku wa matanga. Skrini nyeusi, maandishi ya kumdai. Tulikuwa tunasubiri kupigiwa na ndugu walioko njiani na maiti. Nikakaa pale nikiwaza: kumbe inawezekana! Kumbe fundi akitaka, chombo kinaweza kujua kimelipiwa au hakijalipiwa, kikakukatalia katikati ya kilio. Mwenye simu amewekewa kufuli mpaka shilingi ya mwisho. Mwenye wimbo uliomo ndani ya simu hiyohiyo hana hata komeo.

Na hata ukilipa yote usijione umemiliki. Julai 2009 kampuni ya Amazon iliingia kimya kimya kwenye visomeo vya Kindle vya wateja wake huko Marekani ikafuta vitabu viwili vya George Orwell ambavyo watu walikwisha kuvilipia. Kimoja ndicho kile tulichokisoma kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Sababu yao ni kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Pesa wakarudisha, na baadaye wakaomba radhi. Lakini fikirini muuza vitabu wa pale Posta anakuja usiku, anafungua dirisha lako, anachukua kitabu kwenye kabati na kuacha noti mezani. Kitabu cha karatasi nikikinunua namwazima jirani, nakirithisha, nakifungia sukari nikitaka. Mambo haya mapya wanasema "nunua" na maana yao ni "panga", kama chumba. Kwa hiyo kijana akiniambia ananakili wimbo alioununua mwenyewe ili ausikilize kwenye simu na kwenye redio ya gari, hata siinui kichwa. Sheria yetu yenyewe ina nafasi kwa matumizi ya mtu binafsi. Ugomvi wangu unaanza pale meza inapofunguliwa na bei inapoandikwa.

Serikali nayo isijifiche nyuma yangu. Mwaka 2013 zililetwa stempu za kodi za kubandika kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Wazo halikuwa baya. Lakini stempu inabandikwa kwenye kasha, na dunia ilikuwa njiani kuacha makasha. Mkabaki na stempu kwenye mali ambayo mteja hana pa kuichezea, huku flashi ya kidole gumba ikipita na bendi nzima mfukoni bila kuulizwa. Lilipokuja suala la simu bandia, Juni 2016, simu zilizimwa kweli. Nchi nzima ikajifunza kubonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, kukagua kama chombo ni halali, hata bibi zenu walikuwa wanabonyeza. Kwa hiyo nchi hii ikitaka watu wajue jambo, wanajua. Wenzetu wa Kenya mwaka 2022 waliandika kwenye sheria kwamba mapato ya miito ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia, mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52. Wameandika namba. Namba ndiyo kauli ambayo msanii anaweza kwenda nayo mahakamani. Ahadi za jukwaani anakwenda nazo nyumbani kulala.

Na mabasi, na baa, na saluni, na sisi wazee tunaojirusha kwenye harusi kwa muziki ambao hakuna aliyeulizia ni wa nani. Na mapadri na wachungaji mnaonakili kitabu kizima cha nyimbo kwa mashine ya parokia. Nitawaandikia siku nyingine, msijifanye hamjasikia.

Nirudi kwenu. Hoja yenu kubwa naijua na ni ya haki: mteja ana simu yenye nafasi lakini hana bando. Mama muuza mchicha hawezi kusikiliza wimbo kwa megabaiti. Anakuja kwako na buku moja, anaondoka na nyimbo hamsini na furaha ya mwezi. Meza yako ni kivuko. Nakubali, tena natetea. Lakini mwenye kivuko hadai kwamba abiria ni watoto wake. Wewe umebeba, umepanga, umetafuta. Lipwa kwa kubeba, kupanga na kutafuta. Kesha la usiku tatu ni jasho, nilimwambia kijana hivyo mbele ya mjumbe na sirudi nyuma. Ila kama usiku tatu ni jasho, mwaka wa maandazi ni nini?

Marehemu Lufufu alipokuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hapa mjini, aliongeza kitu: sauti, vichekesho, maarifa, watu wakaelewa walichokuwa wakikitazama tu. Naye hakuwa na ruhusa ya wenye filamu, hilo tuliseme. Lakini ukitoa kazi yake palibaki pengo. Jiulizeni, ukitoa lile tangazo lako katikati ya wimbo, panabaki pengo au soprano anarudi?

Jambo linaloniuma kuliko pesa ni majina. Nimemwomba mjukuu anifungulie folda ile iliyoleta damu. Nimekuta "kwaya mpya kali 2", nimekuta "zilipendwa mix 14", nimekuta "Track 07", nimekuta wimbo mmoja mara tatu kwa majina matatu yote ya uongo. Dansi nzima ya nchi hii mmeiita "zilipendwa mix". Kanda zangu za wizi, wanangu, kanda za wizi kabisa, zilikuwa na kipande cha karatasi ndani nilichokiandika kwa mkono: bendi, wimbo, mtunzi, mwimbaji nikimjua, na mwaka. Mteja alikuwa hachukui kanda isiyo na karatasi. Tuliwanyima pesa, lakini hatukuwanyima majina. Faili la wimbo lina mahali pa kuandikia hayo yote, mjukuu amenionyesha, ni kubonyeza na kujaza. Ninyi mnapajaza namba yenu ya simu. Siku moja mtoto wa yule mpiga solo ataitafuta sauti ya baba yake kwenye mtandao, na hataipata, si kwa sababu imepotea. Imo humo, katika "mix 14", dakika ya ishirini na tatu.

Mengine niyaseme harakaharaka, mtayajua uzito wake wenyewe. Wimbo ambao haujatoka, uliouiba studio kwa rafiki yako, usiuguse. Picha za mteja anayekuja kuingiziwa nyimbo usizifungue, wala usizihifadhi. Flashi ya mteja ipitishe kwanza kwenye programu ya kusaka virusi, mnaua simu za watu. Filamu za wakubwa msiziweke folda moja na katuni. Hili nalisema mara moja tu, safari ijayo nakuja na mjumbe. Kitabu cha mwandishi aliye hai msikisambaze kwenye kundi la WhatsApp kisha mkampongeza kwa kuandika. Msikaushe bando la mwenzenu. Spika zizimeni adhana na kengele zikilia.

Sasa kazi. Nimekaa na mwalimu wa kwaya, nimemwomba radhi kwa Jumanne, naye ni mtu wa Mungu kweli, amecheka. Tumekubaliana hivi, nanyi mseme kama mna lenu. Kila meza itakayoiweka albamu yake ataipa nakala safi, isiyo na kelele, na ruhusa ya maandishi. Mteja akilipa mia tano, mia mbili ni ya kwaya, mnakabidhi kila Jumamosi jioni. Daftari atashika mama ntilie, kwa kuwa mnamwogopa. Tangazo lenu liwekwe baada ya wimbo kwisha, si ndani, na kabla ya tangazo atajwe mwimbaji na lipa namba ya kwaya, msikilizaji mwenye moyo aongezee. Vijana wawili wa kesi ndio watakaoanza, pamoja, meza moja. Yule wa plasta amenuna. Hasira zitamtoka.

La mwisho ni langu binafsi. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati lenye kanda mia na kumi na nne, zile nilizobaki nazo nilipofunga kibanda. Karatasi zake zipo, mwandiko wangu wa ujana. Baadhi zimeanza kuota ukungu. Nataka ziingizwe kwenye kompyuta kabla sijaondoka na kabla ukungu haujazimaliza. Hizo haziuzwi, nataka tuelewane. Tutaandika majina yote kama yalivyo kwenye karatasi, kisha tutawatafuta wenyewe au watoto wao, kila mmoja tumpelekee zake kwenye flashi. Kanda ya yule bwana mwenye kola iliyogeuzwa imo, naijua ilipo, ni ya tatu kutoka juu.

Njooni Jumapili baada ya saa kumi. Mmoja alete laptopu na ule waya wa kuunganisha, mwingine atafute mkanda wa mpira wa deki. Wangu umekatika, na fundi wa hapa kona ameniambia hajauona wa aina hiyo tangu amezaliwa. Chai ipo. Maandazi nitanunua kwa kwaya.

Mzee wa Kanda,
Tandika, Dar es Salaam